Kaka, jenereta lilikuwa linawaka

Kaka yangu, assalaam alaykum.

Nakuandikia hapa mbele za watu maana kwenye simu hunipi nafasi, kila nikifungua mdomo unanikata na "yule Tony kafa bana, mtunzi mwenyewe kakiri". Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, dakika sita nzima ni Tony Soprano tu, yule bosi wa mafia wa kwenye mchezo wa tivi wa Kimarekani, mpaka namsikia wifi anakwita chakula kinapoa. Leo nisikilize mie.

Unaukumbuka usiku ule kwa ami Jang'ombe? Mwisho wa Januari 2010, Unguja haina umeme tokea Disemba, na usije ukarudi mpaka Machi. Tunachangishana petroli, jenereta la uani linawashwa baada ya isha, tunakula episodi mbili mbili za The Sopranos, zile dividii ulizokodi Darajani, mpaka zote 86 zikatuishia mikononi. Nikikumbuka kiza kile cha miezi mitatu nakumbuka maji ya kubeba kwa ndoo, na nakumbuka Tony.

Basi ikafika ile ya mwisho. Tony kakaa ndani ya Holsten's, kamkahawa ka huko New Jersey, katia nyimbo kwenye mashine. Kila mlango ukifunguliwa kengele inalia, anainua macho. Kaja mkewe Carmela, kaja mwanawe AJ, limeletwa sahani la vitunguu vya duara vya kukaanga, yule bwana mwenye koti kapita anaelekea chooni, na nje huko binti yake Meadow anahangaika kuegesha gari, anaingia anatoka, anaingia anatoka, mie miguu yangu inakanyaga breki pale pale kwenye mkeka. Halafu mtoto anavuka barabara mbio, kengele inalia, Tony anainua macho. Kiza.

Ukapiga ukelele "petroli imekwisha!" ukatoka na tochi. Mie nikabaki, kaka, na hili sijawahi kukwambia: nilitazama juu nikaona feni linazunguka. Jenereta linanguruma kama kawaida yake. Nikajua kile kiza ni cha makusudi, nikakaa nacho kama sekunde kumi, nywele zimenisimama, mpaka majina yakaanza kupanda, kimya, hata muziki hamna. Wewe uliporudi mikono inanuka petroli ukasema tumeibiwa.

Si wewe peke yako. Marekani kwenyewe, tarehe 10 Juni 2007, usiku ilipoonyeshwa ile ya mwisho, karibu watu milioni 12 walikuwa wanaangalia na wengi wao walidhani kebo imekatika, na tovuti ya HBO, kituo kilichouonyesha, ikaelemewa usiku ule ule kwa watu waliokwenda kulalamika. David Chase, mtunzi wa mchezo wenyewe, akasema hana haja ya kueleza wala kujitetea wala kuongeza kitu juu ya kilichopo pale. Ndo ukaja mwaka 2021 akasema kwamba mwanzo alikuwa na wazo jengine, Tony anakwenda kwenye kikao na huko ndo anauliwa, na wewe hilo umelishika kama cheti cha kifo. Lakini kaka, hilo ni wazo aliloliacha! Alichotupa ni meza, kengele na kiza.

Ushahidi wako nnaujua wote. Nnajua yale maneno Bobby, shemegi yake, aliyomwambia Tony kule kwenye boti ziwani, kwamba ikikufika pengine hata husikii. Mie mwenyewe ukinibana nitakwambia kauliwa. Ila hapo ndo pa kuanzia, wewe unapafanya ndo mwisho, unafunga faili unakwenda kulala.

Hebu rudi kwa Christopher. Mtoto wa ukoo, kapinduka na gari yeye na Tony, yuko hoi, na Tony kaingiza mkono kamziba pua mpaka roho imetoka. Sote tulimuona. Wewe uliziba uso na kanzu. Na baada ya siku mbili tatu tu tumekaa mbele ya tivi ile ile roho juu tunamhofia yeye huyo huyo, tunaomba, mie niliomba kwa moyo wangu wote, binti yake apate kuegesha ile gari aje akae na babake. Chase aliwahi kulisema hili, kwamba watu walimfurahia miaka yote akiiba na akiua halafu mwishoni wakataka waone anaadhibiwa. Nilipoyasoma maneno yale niliona haya. Maiti ungeonyeshwa ungetulia, ungesema kapata alichostahiki, na ile hofu uliyokuwa nayo kwa ajili yake ungeisahau pale pale.

Na hofu ulikuwa nayo, usinikatalie. Alipofariki James Gandolfini, aliyecheza Tony, Juni 2013, yuko Roma, ana miaka 51, nani alonipigia simu usiku? Ulisema "mzee wetu kaondoka" ukanyamaza, nikakusikia unavuta pumzi. Mie sikuuliza mzee gani.

Kwahivo Sikukuu ukivuka kuja Unguja nakuomba kitu kimoja. Zile dividii nilizitafuta, nimepata seti nyengine, ya mwisho inasoma vizuri. Tutakaa pale pale ukumbini kwa ami, wewe upande wa mlangoni kama zamani. Kikiingia kiza usinyanyuke, kaka. Kaa na mie mpaka majina yapande.