Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: B hasi, C hasi, na macho bado ya manjano

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua una mengi mezani, ila hili la ugonjwa wa ini unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe nimelibeba mwaka na nusu sasa na bado linanikereketa, nimeona bora niliandike wazi hapa na wengine wasome.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka 19 macho yalipoanza kuwa ya manjano kama bizari. Kabla ya hapo alikuwa anachoka tu, magoti na vidole vinamuuma, halafu siku zake zikakata miezi minne, na we unajua mtaani binti akikosa siku zake kinasemwa nini, akapimwa mimba mara tatu zote hasi na bado mama mdogo akawa anamkagua tumbo kila akipita. Hospitali wakapima homa ya ini B, hasi, C hasi, malaria hasi. Anakunywa pombe? Hanywi. Mitishamba? Hajagusa. Basi akapewa vitamini, akaambiwa anywe glukosi na apumzike. Tukaenda tukarudi, tukaenda tukarudi, miezi saba ikakatika hivyo hivyo, mpaka tumbo likaanza kujaa maji.

Hospitali siitaji jina, sijaja kushtaki mtu. Nataka nikuonyeshe karatasi. Ni majibu ya kipimo cha ini cha mwezi wa pili wa kuumwa, ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne na imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Protini jumla ya damu 96, albumini (protini inayotengenezwa na ini) 29, zote gramu kwa lita. 96 toa 29 inabaki 67, hiyo ndo globulini, na kwa mtu mzima kawaida yake ni kama 20 mpaka 35. Yani ni hesabu ya kutoa tu ya darasa la pili na hakuna aliyeitoa. Globulini ikipaa hivyo maana yake mwili unamwaga kingamwili kwa fujo, na kama virusi wa ini hawajaonekana basi mtu ajiulize, hizi kinga zinapigana na nani? Ndio, najua hupanda pia kwa UKIMWI, kichocho na mengine, ndo maana nasema mtu aulize, sijasema aanze kuandika dawa.

Kwa mdogo wangu zilikuwa zinapigana na ini lake mwenyewe. Nikaanza kusoma usiku kwenye simu. Mwaka 1950 daktari wa Sweden anaitwa Jan Waldenström alieleza wasichana wenye manjano yasiyoisha, globulini iko juu, siku zimekata. Mheshimiwa nilikaa kitako kabisa, ni mdogo wangu huyo, kaandikwa hata bibi yetu hajaolewa! Mwaka 1956 Ian Mackay na wenzake kule Melbourne wakaufananisha ugonjwa huo na lupasi, ugonjwa ambao kinga inashambulia mwili wenyewe, na mwaka 1965 ndo ukapewa jina linaloeleza kwamba kinga ya mwili inashambulia ini, kwa Kiingereza autoimmune hepatitis.

Chanzo chenyewe sio kimoja. Mtu anazaliwa na jeni za kinga, hasa zile za HLA wanaziita DR3 na DR4, hizo peke yake hazikufanyi uumwe, wengi wanazo na wako fiti. Halafu kinakuja kitu kinachochokoza, inaweza kuwa virusi, inaweza kuwa dawa: nitrofurantoini ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), minosaiklini ya chunusi, hata metildopa ya presha wanayopewa wajawazito. Kwa dawa afadhali, mara nyingi ukiiacha ini linatulia. Mirungi nayo inatajwa, Uingereza walipata watafunaji ambao ini limeharibika kwa mtindo unaofanana na huu. Kinachofuata, zile seli za kutuliza kinga zinashindwa kazi, seli kali zinavuka kutoka kwenye mishipa zinaanza kula ini pembeni pembeni, panapoliwa panabaki kovu, kovu juu ya kovu mpaka sirosisi, yani ini limejaa makovu. Wanawake wanapata mara 3 hadi 4 zaidi ya wanaume, watoto wana aina yao kali zaidi, na kama theluthi ya wagonjwa wanagundulika sirosisi ishaingia. Wetu ni mmoja wao. Ilionekana walipomtoa kinyama cha ini kwa sindano, kipimo cha kingamwili chenyewe sampuli ilisafirishwa tukasubiri wiki tatu.

Sasa kinachoniuma zaidi ni dawa. Sio ya ajabu. Ni prednisoloni, ileile ya wenye pumu, baadae wanaongeza azathioprini, nayo ya kutuliza kinga, na kupima damu mara kwa mara. Mwaka 1971 madaktari wa hospitali ya Royal Free, London, walishaonyesha kwamba wanaopewa prednisoloni wanakufa wachache kuliko wasiopewa. 1971 Mheshimiwa!

Naomba vitu viwili. Kwanza mwongozo wa zahanati na vituo vya afya uwe na mstari mmoja: mwenye manjano zaidi ya mwezi, B na C hasi, toa albumini kwenye protini jumla, globulini inayobaki ikizidi kawaida apewe rufaa haraka, asirudishwe nyumbani na glukosi. Pili, Julai 28 siku ya homa ya ini duniani, kwenye yale mabango ya virusi na pombe iongezwe hii ya kinga. Watu wanafichwa ndani huko wakiambiwa wamerogwa.

Mdogo wangu uso umemvimba kwa dawa, anauchukia, hataki picha. Siku zake zilirudi mwezi wa tatu wa matibabu, alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri kuniambia, mimi kaka yake, hakuona hata aibu. Kovu halijarudi nyuma sana. Karatasi ninayo, nikiitwa naileta.