Kaka, naomba siku 11

Shikamoo, kaka.

Najua hutapenda kuikuta barua hii hapa, mbele za watu. Ningekupigia, lakini tangu Juni ukiona namba ya Ugiriki hupokei, na kwenye grupu la familia nikiandika unasoma, unanyamaza. Baba mdogo aliniambia nisubiri hasira zako zipoe. Nimesubiri. Sasa nimeuona ujumbe wako wa kuuza kihamba, shamba letu la ukoo, na kusubiri kumenishinda.

Nianze na lile bakuli la mtori wa ndizi.

Unalikumbuka. La bluu, lililomeguka ukingoni, ambalo Mama hataki litupwe. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika, begi bado liko getini. Mama ameketi kwenye mkeka chini ya turubai, khanga kichwani, hajatia kitu tumboni tangu Jumanne Baba alipokata roho. Mama mkubwa alikuwa amemwekea mtori, ukapoa hadi ukaota utando juu. Nikakaa chini, nikashika kijiko, nikaanza kumsimulia kisa cha Niobe, kile cha Wagiriki alichotusimulia Baba. Nilipofika pale watoto wanapolala siku tisa bila kuzikwa, Mama akainua uso. Akaniuliza, "Halafu?"

Ndipo wewe, kutoka kwenye viti vya wanaume, kwa sauti ya kusikiwa na kamati nzima, ukasema: "Acha hadithi za Wagiriki, hapa tuna msiba."

Mama akalisogeza bakuli pembeni. Mpaka kesho yake hakula.

Sikukujibu pale. Wewe ni mkubwa wangu, na msibani watu hawaumbuani. Niliinuka nikaenda nyuma kuosha sufuria. Lakini ulikikata kisa hatua moja kabla hakijafika kwenye chakula, na hilo ndilo linaloniamsha usiku huku niliko. Hebu leo kisikilize hadi mwisho, maana hata utotoni ulikuwa unasinzia Baba akiwa katikati.

Achilles, shujaa wa Wagiriki, amemuua Hector, mtetezi wa mji wa Troy, mbele ya kuta za mji huo. Kumuua hakukumtosha. Aliifunga maiti nyuma ya gari lake la farasi, akawa anaiburura kuzunguka kaburi la rafiki yake Patroclus, alfajiri baada ya alfajiri. Hadi siku ya 12 Hector yuko juu ya ardhi. Usiku huo Priam, mfalme mzee, baba wa marehemu, akapakia fidia kwenye mkokoteni, akapita katikati ya kambi ya adui, akaingia alimoketi Achilles, akamshika magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Akamwambia: mkumbuke baba yako. Achilles akalia. Wakalia wote wawili, mmoja akimlilia mwanawe, mwingine akimlilia Patroclus na baba yake aliye mbali, ambaye anajua hatamwona tena.

Mimi kipande hicho siwezi kukisoma hadharani, kaka. Unajua sababu.

Halafu Achilles akaamuru maiti ioshwe, ipakwe mafuta na kuvishwa, kando, mzee asije akaiona akashindwa kujizuia. Kisha akamwambia Priam: sasa tule. Priam hajaonja kitu tangu mwanawe afe, na mtu wa hali hiyo ukimwambia "kula" tu hali. Kwa hiyo Achilles akamsimulia Niobe. Mama mwenye watoto 12, sita wa kiume na sita wa kike, aliyejigamba kwamba amemzidi mungu wa kike Leto mwenye wawili tu. Hao wawili, Apollo na Artemis, wakawamaliza wote 12 kwa mishale. Siku tisa wakalala kwenye damu yao, hapakuwa na wa kuwazika, kwa kuwa Zeus, mkuu wa miungu, alikuwa amewageuza watu kuwa mawe. Siku ya kumi miungu wenyewe wakawazika. Na Niobe, alipochoka kulia, akakumbuka chakula.

Priam akala.

Ndivyo kitabu cha 24 cha Iliadi, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, kinavyosema, na ndivyo nilivyotaka kumfanyia Mama. Wasimulizi wengine wa Kigiriki waliwahesabu watoto wa Niobe 14, na wengi walimalizia kwa kusema aligeuka jiwe linalotoa machozi. Hicho kipande cha kula, wasomi wengi wanaona Homer alikiongeza yeye, kwa sababu mbele yake kuna mzee mwenye njaa na msiba. Hadithi ilikunjwa ili imfae mfiwa, na Wagiriki wale hawakuona ubaya. Hapakuwa na toleo moja lililofungwa kwa kufuli. Kila mji, kila msimulizi, kila sherehe ilikuwa na namna yake.

Tena ulilitamka neno "hadithi" kana kwamba umetema ganda la muwa. Wao walisema mythos. Kwa Homer neno hilo ni kauli, maneno mazito ambayo mtu anayasema mbele ya watu na anayasimamia. Mzee Phoenix anamkumbusha Achilles kwamba baba yake alimtuma amfundishe kuwa msemaji wa mythos na mtendaji wa kazi, vyote viwili pamoja. Maana ya kisa cha kubuni ilikuja kushika nguvu baadaye, walipotokea wanafalsafa.

Najua utasema miungu yao ni ya uongo. Mimi na wewe tumebatizwa kanisa moja, kaka, sikuiti ukapige magoti kwa Zeus. Nakuomba uelewe watu wasiokuwa na Biblia, wasio na kanuni ya imani ya kukariri Jumapili. Herodotus, mwanahistoria wao, aliandika kwamba Homer na mshairi mwenzake Hesiod ndio waliowapa Wagiriki nasaba ya miungu, majina yao ya sifa, heshima zao na sura zao, na kwamba waliishi miaka 400 kabla yake, si zaidi. Mengi ambayo sisi tunayapata kwenye mahubiri, katekisimu na vikao vya ukoo, wao waliyapata kwenye visa hivyo. Mgeni apokelewe vipi. Anayekuja kuomba msamaha afanyiwe nini. Maiti ya adui irudishwe au iachiwe mbwa. Athens walikuwa na sikukuu ya Panathenaia, ambapo waghani walisimama mbele ya umati wakaghani Homer kwa zamu, mmoja akiachia hapa mwenzake anadakia hapo hapo.

Na wapo waliosema kama wewe. Xenophanes wa Colophon, mwanafalsafa wa karne ya sita KK, aliwalaumu Homer na Hesiod kwamba wamewabebesha miungu kila aibu ya binadamu: wizi, uzinzi, kudanganyana. Ila yeye alibishana nao baada ya kuwajua. Wewe ulimkatiza Baba kupitia kinywa changu, mbele ya mjane wake.

Maana visa vile vilikuwa vya Baba. Alivipata ujanani alipokuwa karani kwenye shamba la kahawa la yule Mgiriki, enzi zile Wagiriki wakiwa na mashamba ya kahawa na mkonge nchini kwetu. Akaja navyo kihambani, akavisimulia jikoni tukimenya ndizi, hadi Achilles tukamwona kama kijana wa jirani mwenye hasira za karibu. Nilipopata kazi huku Athens ya kumtunza yule bibi, Baba hakuniuliza mshahara. Aliniuliza, "Umeshaiona bahari ya Odysseus?"

Siku yangu ya mapumziko huwa naenda makumbusho ya taifa. Kuna mtungi pale, ulitoka makaburi ya Dipylon, wa karibu mwaka 750 KK. Ni mrefu zaidi ya mita moja na nusu, Mama akisimama kando yake wanalingana. Haukuwa wa maji. Ulisimamishwa juu ya kaburi la mwanamke. Mwili wote umejaa michoro midogo ya mistari na pembe, na katikati, usawa wa mikono ya kubebea, yupo marehemu amelala kitandani, sanda imeinuliwa juu yake tumwone. Kushoto na kulia waombolezaji. Wamechorwa kama pembetatu, viuno vyembamba, na wote wameweka mikono kichwani. Kaka, mikono kichwani, vile vile Mama mkubwa alivyosimama getini nilipofika. Chini ya kitanda wengine wamepiga magoti. Na kando ya kitanda kuna mtoto mdogo. Nilisimama pale hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Yule mwanamke alipozikwa, watu walikuwa karibu naye wote. Mimi mlinisubiri?

Hapa nitasema yote. Jumatano uliniambia mazishi ni Jumamosi. Nikakopa, nikakata tiketi ya kufika Ijumaa usiku. Alhamisi mkayasogeza yawe Ijumaa, mimi tayari niko njiani, simu imezimwa. Saa nane mchana mmemzika, saa nne usiku niko getini. Masaa manane, kaka. Achilles, mtu mwenye hasira kuliko wote walioimbwa, alimuuliza adui yake: unataka siku ngapi za kumzika mwanao, nizuie vita? Priam akamhesabia. Siku tisa za kumlilia nyumbani, ya kumi kumzika na kulisha watu, ya kumi na moja kujenga kaburi, ya kumi na mbili tutapigana ikibidi. Akapewa zote.

Ulisema gharama za mochwari zinapanda. Ungenitajia ni shilingi ngapi. Miaka sita sijaja nyumbani kwa sababu ya karatasi za kuishi huku, lakini hakuna mwezi hela ya dawa za Baba ilikosa. Bati la jiko la Mama ni jasho langu. Sikuwa mtoto aliyetoroka, na watu wasikudanganye hivyo.

Najua pia ulichobeba wewe. Wewe ndiye uliyemgeuza kitandani usiku, ukambeba mgongoni lifti ilipokufa, ukalala kwenye benchi la wodini na shati moja siku nne. Mimi nilituma hela, wewe ulitoa mgongo. Hilo nalisema hapa hapa hadharani. Hata wewe hukula siku ile. Nilikuona.

Lakini kumzika Baba kwenye makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua hata majina, wakati Babu amelala kihambani amezungukwa na masale, ile mimea yetu ya kuombea msamaha, hapo sikubaliani nawe mpaka kesho. Na sasa unataka kihamba chenyewe kiuzwe, "kwa sababu hakuna anayeishi pale."

Anayeishi pale ni Babu.

Usifikiri ni sisi Wachaga peke yetu. Karne ya nane KK, wakati miji ya Wagiriki inaanza kujijenga na watu kugombea ardhi, walianza kupeleka sadaka kwenye makaburi ya kale yaliyokuwepo tangu enzi za Mycenae, ufalme wa kale wa Wagiriki, miaka 400 na zaidi nyuma. Waliolala humo hakuna aliyewajua. Liko moja Menidi, kaskazini mwa Athens: vizazi kwa vizazi watu walipeleka vyombo vya udongo kwa marehemu wasiomjua. Wanaochimba mambo haya wamebishana sana kwa nini, na jibu moja ndilo ninaloliamini: mwenye kaburi la shujaa ndiye mwenye kusema shamba hili ni letu.

Na Sparta je? Kwa Herodotus, walikuwa wanashindwa na mji jirani wa Tegea vita baada ya vita, wakaambiwa na mtabiri wa hekalu la Delphi watafute mifupa ya Orestes mwana wa Agamemnon. Fumbo likawaelekeza mahali penye pepo mbili zinazovuma, pigo na pigo la kujibu. Ilikuwa karakana ya mhunzi: mivukuto miwili, nyundo na fuawe. Mhunzi alikuwa amechimba kisima uani akakuta jeneza la dhiraa saba, akapima, akafukia. Lichas wa Sparta akaigundua siri, akaifukua mifupa na kuibeba kwao. Tangu hapo Tegea hawakuwaweza tena. Wenzetu waliiba mfupa wa mtu aliyekufa zamani ili ulale kwao. Sisi wetu tunao, tunataka kuuacha kwa mnunuzi afugie kuku juu yake.

Mimi nisingeliandika hili kama Mama angekuwa anaweza kukuambia. Hawezi. Anakaa kwako, anakula kwako. Ila kila nikimpigia ananiuliza kama migomba imepaliwa.

Nimekata tiketi. Nafika Moshi tarehe 19 Desemba. Nitapitia kihambani kwanza, nikate sale pale kwa Babu, nikuletee mkononi kwa jinsi nilivyokujibu kwenye simu mwezi wa sita, maana maneno yale hayakuwa ya kumwambia kaka. Wagiriki walioomba hifadhi walishika tawi la mzeituni lililofungwa sufu, na Zeus mwenyewe alikuwa mlinzi wao. Wewe unajua sale ni nini. Aliyeletewa hakatai.

Njoo na Mama. Mnunuzi mwambie asubiri, usisaini kitu. Naomba siku 11 tu, kuanzia tarehe 19 hadi 29, tukae wote kihambani, tumlie Baba kama tulivyopaswa, nimpikie Mama mtori na kumalizia kile kisa pale ulipokikata. Tarehe 30 ikibidi kugombana, tutagombana.

Mdogo wako.