Pikapu yako inanyonya hewa ya wizi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema kwamba pikapu inatetemeka ikiwa imesimama na sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe, lakini ukishakanyaga mafuta injini inatulia kana kwamba haijawahi kuumwa. Umeniuliza kama ununue koili mpya. Nakuomba usinunue kitu chochote kwanza, kwa sababu ugonjwa huo niliuuguza katika pikapu yangu kwa miezi miwili, na plagi na koili nilizobadilisha hazikupunguza mtetemeko hata kidogo. Kwa ninavyoona, injini yako inavuta hewa mahali isipopaswa.

Mafundi husema vakyumu, yaani ombwe la ndani ya injini, inavuja, nami nadhani neno hilo la kuvuja ndilo linalotupoteza wengi, maana tunainama chini ya gari kutafuta tone wakati hakuna chochote kinachotoka. Pistoni zinaposhuka zikivuta, na throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, ikiwa imekaribia kufungwa, ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa hubaki ombwe kali linalonyonya kupitia kila ufa litakaoupata. Hewa halali hupita kwenye kichujio, hupimwa na sensa, kisha kompyuta hutoa petroli kwa kadiri yake, takriban sehemu moja ya petroli kwa sehemu 14.7 za hewa kwa uzito. Hewa inayopenya kwenye ufa haikupimwa, kwa hiyo mchanganyiko unapungukiwa mafuta na injini inaanza kumisi. Ukikanyaga mafuta, throto inafunguka, ombwe linalegea, na hewa halali inakuwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haionekani tena. Ndiyo maana barabarani gari linakwenda vizuri na ukisimama linakusumbua.

Taa ya injini ilipowaka kwangu, mashine ya kusoma kompyuta ya gari ilitoa namba za kosa P0171 na P0174, yaani pande zote mbili za injini yangu ya V6, yenye silinda sita katika safu mbili, zina hewa nyingi kuliko mafuta. Wengi wakiona namba hizo hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi haina kosa isipokuwa kusema ukweli. Kilichonifumbua macho ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia upungufu. Injini ikiwa imepata moto na iko kwenye sailensa, nilijumlisha marekebisho ya muda mrefu na ya muda mfupi nikapata nyongeza ya asilimia 22. Nilipoishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, nyongeza ikashuka hadi asilimia 4. Kushuka huko ndiko kulikonielekeza kwenye vakyumu. Kama ingepanda kadiri mzunguko unavyopanda, ningeshuku pampu ya mafuta, filta yake, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kisha nikaunganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Injini nzima, mahali palipo karibu na usawa wa bahari, huonyesha kati ya inchi 17 na 21 za zebaki kwenye sailensa, na ukipanda mlima hupungua takriban inchi moja kwa kila mita 300, jambo ambalo usilisahau kabla ya kuihukumu injini yako. Yangu ilisimama kwenye 14, mshale umetulia bila kucheza. Mshale unaorukaruka ungenipeleka kwenye vali au plagi. Uliotulia chini uliongeza nguvu kwenye ushahidi wa mashine.

Kutafuta ufa wenyewe ndiko kulikonichosha. Nilibana mipira ya vakyumu mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, nikisikiliza kama sailensa itabadilika, na ule wa busta ya breki, kifaa kinacholainisha pedali ya breki kwa nguvu ya ombwe, nikaubana gari likiwa limesimama tu. Hapo nakusihi: kama pedali ya breki imekuwa ngumu, anza na mpira huo na usiliendeshe gari hadi uwe mzima. Wapo wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi ili wasikie injini ikibadilika. Mimi siipendi njia hiyo juu ya ekzosi ya moto, kwa kuwa dawa hiyo inashika moto upesi. Nilitumia maji kwenye chupa ya kupulizia, nayo hayakunionyesha kitu, kwa kuwa ufa wangu ulikuwa nyuma ya manifoldi ambako maji hayakufika.

Ulifichuliwa na moshi. Fundi mmoja alizima injini, akaziba njia ya kichujio, akaingiza moshi kwa shinikizo dogo sana kupitia mpira wa busta, na baada ya muda mfupi uzi mwembamba mweupe ukapanda kutoka kwenye kiwiko cha mpira kinachotoka kwenye vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi. Nilikitoa kiwiko hicho nikakiweka mkononi. Juu kilionekana kipya kabisa. Chini, kwenye kona, mvuke wa oili ulikuwa umekilainisha hadi kikavimba, na nilipokipinda tu ufa wenye urefu wa ukucha wangu ukafunguka kama mdomo, kisha ukajifunga nilipokiachia. Ningekitazama mwaka mzima bila kuuona.

Nilipoweka kiwiko kipya, nyongeza ya upande wa kwanza ilishuka hadi asilimia 3, lakini upande wa pili ikabaki 11, na asubuhi injini ikiwa baridi ilikuwa mbaya zaidi. Hewa inayoingia katikati ya manifoldi huziathiri pande zote mbili. Ikibaki upande mmoja, tafuta kwenye gasketi au oringi (pete za mpira) za nozeli za mafuta za upande huo. Yangu ilikuwa gasketi ya manifoldi, iliyokuwa imekakamaa na kupoteza unene, ambayo ilijaribu kuziba chuma kilipopata moto na kutanuka.

Kuibadilisha si kazi ngumu, ila inataka subira. Injini ipoe kabisa, betri itolewe, shinikizo la mafuta liondolewe, na ukishanyanyua manifoldi uzibe matundu ya silinda kwa vitambaa safi kabla ya kukwangua chochote. Usikwangue alumini kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya hewa. Bolti zikazwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua, ukianzia katikati kuelekea pembeni, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Kwa mpira wa PCV, nunua unaostahimili oili na wenye ukuta mnene. Mpira wa kawaida wa maji utalainika na kujikunja ndani, nawe utarudi palepale.

Baada ya kufuta kumbukumbu za kompyuta, sailensa inaweza kuyumba kidogo hadi ijifunze upya, kwa hiyo usiogope siku ya kwanza. Mimi nilisubiri siku tatu nikasoma tena: pande zote mbili zilikuwa chini ya 5, na geji ilipanda hadi 19.

Nitumie namba zako zote: nyongeza ya kila upande kwenye sailensa na kwenye mizunguko 2,500, usomaji wa geji, na unieleze kama tatizo huzidi asubuhi au injini ikishapata moto. Nikishaziona nitakuandikia uanze kufungua wapi.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.