Maji ya kunywa yalindwe kuanzia mlimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu thamani ya maji ya kunywa, jambo ambalo familia yangu imelizungumza sana tangu tuliporejea kutoka likizo ya baiskeli kandokando ya mto Danube, kutoka Passau nchini Ujerumani hadi Vienna, mji mkuu wa Austria.

Anayesafiri kwa gari husahau habari ya maji, lakini anayeendesha baiskeli juani, tena akiwa na watoto, huiwaza kila saa: chupani kumebaki kiasi gani, kijiji kinachofuata kiko umbali gani, na je, bomba lililo mbele maji yake yananyweka? Watoto wetu, ambao nyumbani huacha glasi nusu mezani, walianza kugawana yaliyobaki bila kuambiwa.

Kilichonigusa zaidi ni Vienna yenyewe. Katika karne ya 19 wakazi wake waliugua kipindupindu na homa ya matumbo kutokana na maji machafu, ndipo mwanajiolojia Eduard Suess, aliyekuwa pia diwani, akapigania maji yaletwe kutoka chemchemi za milimani. Bomba kuu la kwanza lilizinduliwa mwaka 1873 na la pili mwaka 1910, na hadi leo maji hayo hushuka kwa mserereko mpaka jijini, huku njiani yakizungusha mitambo ya umeme. Jiji hilo linamiliki na kutunza sehemu kubwa ya misitu inayozunguka chemchemi, na mwaka 2001 liliingiza ulinzi wa maji katika katiba yake. Ndiyo maana mpita njia hujaza chupa yake bure kwenye bomba la mtaani, wala hana haja ya kuyachemsha maji hayo.

Sisi wa Morogoro tunayo milima ya Uluguru, ambayo mito yake huujaza mto Ruvu unaotegemewa na Dar es Salaam. Mwaka 2022, mvua zilipokosekana na kina cha Ruvu kikashuka, wakazi wa Dar es Salaam walipata maji kwa mgao. Mjadala wa wakati ule ulihusu zaidi pampu, matangi na visima; mlima ulitajwa kwa nadra, ingawa msitu wa mlimani ndio unaoyahifadhi maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito. Naiunga mkono kwa moyo wote, lakini mkulima wa mteremkoni asiye na shamba jingine hawezi kuitii kwa kutishiwa faini peke yake. Yeye ndiye anayebeba gharama ya maji tunayokunywa mijini, na si haki abebe peke yake.

Naziomba mamlaka za maji zitenge sehemu ya bili tunazolipa, irudi Uluguru kununua miche, kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko na kuwafidia wanaoacha kulima kando ya vijito. Matumizi ya fedha hizo yatangazwe kila mwaka katika magazeti, pamoja na majina ya vijiji vilivyonufaika.

Msomaji wako,
Mzazi, Morogoro