YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIDOLE KILICHOCHOVYWA KWENYE BAKULI LA MAMA YANGU

Kwa Meneja Mkuu,
Mgahawa wa Phở,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hujambo na biashara inaendelea vizuri. Jumamosi iliyopita ilikuwa inaendelea vizuri mno, watu wamesimama hadi mlangoni, na nadhani heshima ndiyo iliyokosa kiti.

Utaratibu wenu wa kupokea malalamiko mnaujua, mmeubandika wenyewe ukutani kando ya kaunta, kwa hiyo sitapoteza muda kuwasomea. Nataka tu mjue kilichotokea meza namba 7, saa nane na kitu mchana, maana nimepiga simu mara tatu na kila anayepokea ananiambia "tutalifanyia kazi", kisha ananiuliza jina upya.

Mama aliagiza phở, hiyo supu yenu ya tambi ya Kivietinamu, ya nyama iliyoiva. Alisema iliyoiva, mimi nikarudia iliyoiva, yule binti akaandika iliyoiva. Likaja bakuli la nyama mbichi. Ningenyamaza hata hapo, maana najua vipande vile vyembamba huivishwa na supu yenyewe ikimiminwa ikiwa inachemka. Lakini supu yenu ilikuwa vuguvugu. Mafuta yalianza kuganda pembeni mwa bakuli, na nyama imelala juu ya tambi, nyekundu vilevile kama ilivyotoka buchani. Mama yangu hali nyama yenye damu. Nikamwomba binti, kwa upole, atubadilishie au aichemshe. Akaenda. Akarudi na msimamizi.

Msimamizi wenu ana umri wa kuwa mjukuu wa mama yangu. Hakutoa shikamoo. Alisema, "Shida nini hapa?" Kabla sijamaliza kujibu akachovya kidole ndani ya bakuli la mama, akakitoa, akakifuta kwenye aproni, akasema, "Mbona ya moto hii?"

Nimeiacha sentensi hiyo peke yake ili mwisome vizuri.

Mimi nilikaa Hanoi miezi kumi na moja mwaka 2018, kikazi. Phở nilikuwa nakula saa kumi na mbili asubuhi, nimekaa kwenye kistuli cha plastiki kando ya barabara, magoti yanakaribia kidevu. Mwenye kibanda alikuwa anachovya tambi kwenye maji yanayotokota, anazikung'uta, anazitia bakulini, anapanga nyama mbichi na vitunguu vya majani, halafu anamimina supu, na nyama inageuka rangi ukiwa unaitazama. Pale hapakuwa na kiyoyozi. Hapakuwa na asilimia kumi ya huduma. Na sikumwona hata mtu mmoja akipima moto wa supu kwa kidole, kwa sababu supu ya moto ina mvuke na mvuke unaonekana kwa macho.

Asilimia kumi hiyo nayo tuizungumze. Mabakuli mawili kwa 32,000 kila moja, likiwemo ambalo mama hakulila. Chai ya barafu mbili, 12,000. Kisahani cha chipukizi za choroko na majani, 4,000, kitu ambacho kule kusini mwa Vietnam huletwa mezani bila hata kuulizwa, na Hanoi wengi hawakiweki kabisa. Jumla 80,000. Juu yake mkaweka 8,000 ya "huduma". Huduma ipi? Ya kidole? Nikalipa kwa Lipa Namba yenu, 88,000, maana sikutaka mama aone nagombana. Nilipoomba risiti nikaambiwa mashine haina mtandao, nikapewa kikaratasi cha oda kimeandikwa kwa kalamu. Kalamu yenyewe ilitoka sikioni kwa yule yule msimamizi.

Nimesahau kusema kwamba tulisubiri dakika hamsini. Nalisema sasa.

Mnajua kwa nini nilimleta mama kwenu? Mama yangu ameuza supu ya makongoro stendi ya Korogwe kwa miaka 26. Mifupa alikuwa anaibandika jioni, anaamka usiku kuchochea kuni na kuengua povu, na alfajiri makondakta wanapanga foleni na chapati zao mkononi. Katika hao wote hakuna aliyewahi kukuta kidole chake kwenye kikombe. Alipokuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho, nikamwambia kuna nchi ya mbali ambako nao wanakesha na mifupa ya ng'ombe, wanachoma tangawizi na vitunguu juu ya makaa kwanza, wanatia mdalasini, karafuu, iliki kubwa na kile kiungo chenye umbo la nyota. Tukiwa kwenye bajaji aliniuliza maswali njia nzima. Povu wanaliengua na nini? Chumvi wanaitia mapema au mwisho? Nikamwambia, mama, utaionja mwenyewe. Niliona wangeelewana, yeye na supu hiyo.

Sasa narudi kwenye kidole, kwa sababu wa simu ya Jumatatu aliniambia huenda "sikuona vizuri". Niliona vizuri. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja. Mama alikuwa ameshasema bismillahi na kijiko chake kilikuwa ndani ya bakuli, mpini umeelekea kwake. Msimamizi alisimama upande wake wa kulia. Hakumtazama usoni. Alikunja vidole vingine, akabakiza kile cha shahada, kucha ina wino, akakiingiza taratibu hadi pingili ya kwanza na kukiacha humo kama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Kilipotoka kilikuwa na jani la giligilani limenata. Jani hilo alilikung'utia humo humo bakulini. Akajifuta. Akasema ile sentensi yake, kisha akaongeza, "Wateja wengine wanakula hivi hivi," kwa sauti ya kusikiwa na meza ya jirani, na meza ya jirani ikasikia, mmoja akacheka.

Na mama yangu, mwanamke wa miaka 71 aliyelisha abiria wa nusu ya mabasi ya njia ya Tanga, akachomoa kijiko chake, akakiweka pembeni, akalisogeza bakuli polepole na kumwambia mtu huyo, "Ahsante baba, nimeshiba."

Hakuwa ameonja hata kijiko kimoja. Tulinunua ndizi mbili za kuchoma njiani akazilia kwenye bajaji. Hakuniuliza swali lolote.

Mpaka Jumatatu asubuhi nilikuwa nataka vitu viwili tu: 32,000 ya bakuli lile, na msimamizi ampigie mama simu amtake radhi. Ningepata hivyo ningekaa kimya. Lakini nilipopiga, aliyepokea akaniuliza, "Kwani mama aliumwa?" Yaani mpaka mama yangu alazwe ndipo kidole kihesabike. Basi madai yangu yamebadilika.

Nataka 88,000 yote, pamoja na ile 8,000 ya huduma. Nataka mnionyeshe cheti cha kupima afya cha msimamizi huyo, kwa kuwa anashika chakula, tena anakishika kweli kweli. Na radhi sitaki tena ya simu. Aje mwenyewe. Mama yupo kwangu hadi Ijumaa. Akishapanda basi, msimamizi atamfuata Korogwe kwa nauli yenu. Akifika aanze na shikamoo.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Siku ya nane nakala inakwenda kwa bwana afya wa manispaa, nyingine Shirika la Viwango (TBS), nyingine Tume ya Ushindani. Watu wa kodi, TRA, nitawapelekea kile kikaratasi chenyewe pamoja na ujumbe wa muamala, wenye tarehe na saa, watajua wenyewe mashine yenu ilikuwa haina mtandao tangu lini. Msidhani natishia. Bahasha zimeshaandikwa anwani, ziko juu ya friji.

Yule binti aliyetuhudumia asiguswe. Ndiye pekee aliyetufuata hadi mlangoni, akamshika mama mkono na kumwambia "samahani bibi". Nikisikia amekatwa mshahara au amesimamishwa kwa ajili ya barua hii, sitasubiri hizo siku saba.

Pesa zirudishwe kwenye namba ile ile iliyolipa. Tafadhali msinitumie vocha ya kula bure.

Wenu,
Mteja wa meza namba 7