Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: sufuria za serikali na ardhi ya Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kongwa wakati wakulima tunasafisha mashamba kusubiri mvua za Desemba, na wengi wetu, nikiwamo mimi, tutapanda tena mahindi kwenye ardhi ambayo tunajua fika kwamba haiyawezi. Hatufanyi hivyo kwa kukosa elimu. Nchi nzima imezoea kwamba chakula ni ugali mweupe wa sembe, na mkulima hupanda kile chenye mnunuzi.

Mvua ya Dodoma ni karibu milimita 600 kwa mwaka au pungufu ya hapo, tena mara nyingi hukatika kwa wiki mbili au tatu katikati ya msimu, wakati uleule mahindi yanapotoa mbelewele na kuhitaji maji kuliko wakati mwingine wowote. Uwele ukikutwa na ukame huo hungoja, na mvua ikirudi hutoa machipukizi mapya. Mahindi yakikosa maji katika wiki hizo, punje hazishiki kwenye gunzi. Wazee wetu wa Kigogo walilijua hilo, ndiyo maana mlo wao ulikuwa ugali wa uwele na mlenda, na akiba ya uwele uliokauka vizuri iliivusha kaya hata pale mvua ya mwaka uliofuata ilipogoma.

Shamba la mahindi likitoa magunia mawili kwa ekari, mkulima aliyezoea soko la sembe hatafuti zao jingine, anatafuta ekari nyingine. Hapo ndipo miti inapokatwa. Mahindi yanayopakiwa kwenye malori katika soko la Kibaigwa kwenda Dar es Salaam hayatoki Kongwa peke yake. Mengi hutoka Kiteto, mkoani Manyara, ambako mapori na malisho yamegeuzwa mashamba, na ambako ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji umeshagharimu maisha ya watu. Mashamba hayo hulimwa mahindi mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa na bila kuchanganywa na kunde au choroko, mabua yakaliwa na mifugo, na kiangazi udongo ukabaki wazi kwa upepo hadi mvua ya kwanza ije kuusomba. Mkoa wetu unajua gharama ya kuurudisha. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 ikalazimika kuondoa mifugo katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka na kujaa makorongo, ili majani yapate kuota tena.

Kongwa, Mheshimiwa, imewahi pia kulipia mlo wa watu wa mbali. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, walikuja hapa na matrekta wakang'oa mapori ili kulima karanga. Hawakuujua udongo wetu, ambao kiangazi hukauka na kuwa mgumu kama saruji, wala hawakuijua mvua yetu. Kufikia mwaka 1951 mpango ule ulikuwa umeachwa, fedha nyingi za walipa kodi wao zimepotea, na miti yetu imekwenda. Mimi nasikitika kila ninapofikiri kwamba sasa hakuna mgeni wa kumlaumu, kwa kuwa mlo unaoichosha ardhi hii ni wetu wenyewe.

Najua utaniambia kwamba wizara yako imekuwa ikihimiza mtama na uwele katika mikoa ya kati tangu enzi za kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1970, na kwamba watafiti wa kituo cha kilimo cha Hombolo, hapa Dodoma, wamefanya kazi kubwa kwa ajili ya mazao hayo. Ni kweli, na nawashukuru. Lakini Bwana Shamba akishatuhimiza kupanda uwele asubuhi, mchana mtoto wangu hula sembe shuleni. Ugali wa sembe ndio uliozoeleka pia katika magereza, kambi na vyuo, humu humu katika mkoa wa makao makuu ya nchi. Mkulima anaona sufuria hizo. Mtama wake akiuuza, huenda ukaishia kiwandani kutengenezwa bia, kisha yeye hurudi dukani kununua unga wa mahindi, na wanawe wanakua wakiamini kwamba uwele ni chakula cha mwaka wa njaa. Dharau hiyo, kwa maoni yangu, inaiharibu ardhi yetu kuliko jembe lolote.

Kuna jambo moja ambalo wanaotushauri hulipita haraka, nalo ni ndege. Kweleakwelea wakishuka kwenye uwele ulioanza kukomaa, kazi ya miezi mitatu huisha kwa siku chache. Anayepanda uwele peke yake kijijini hukaa kwenye dungu akiamia ndege tangu alfajiri hadi machweo, au huwatoa watoto shuleni wamsaidie, na hata hivyo hupoteza, kwa sababu kundi zima la ndege limekuja kwake yeye. Kijiji kizima kikipanda, hasara hugawanyika na zamu za kuamia huwa nyepesi. Lakini kijiji kizima hakitapanda kabla ya kuwa na uhakika wa soko.

Kwa hiyo naomba, kwanza, ushirikiane na wenzako wa elimu na wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ili shule zinazotoa chakula Dodoma na Singida zipike ugali wa uwele au mtama angalau siku mbili kwa wiki, ukinunuliwa kwa wakulima wa wilaya hizo hizo. Pili, bei ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kwa uwele na mtama itangazwe kabla ya Desemba, maana bei inayotangazwa baada ya mavuno haibadilishi kilichopandwa. Tatu, ndege ya kunyunyizia dawa ya kweleakwelea ifike nafaka ikiwa bado changa.

Mbegu ya mahindi ninayo tayari ndani. Ya uwele nimeazima debe moja kwa jirani, na nitaamua nipande ipi kufikia wiki ya kwanza ya mvua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima, Kongwa