Safari ya Obama haikuanzia Boston

Kwa Mhariri,

Makala mliyochapisha Jumapili iliyopita kuhusu Barack Obama iliandikwa kwa lugha nzuri, ila iliruka miaka minane kwa sentensi moja. Mwandishi wenu alimchukua mwana wa mtu wa Kogelo, akamsimamisha jukwaani mjini Boston tarehe 27 Julai 2004 mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, kisha akamfikisha Ikulu ya Marekani kana kwamba ni hotuba ile peke yake iliyomfungulia milango. Siku alipopanda jukwaa lile, Obama alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Illinois tangu Januari 1997, alikuwa amekwisha kuingia katika vinyang'anyiro kadhaa vya uchaguzi, na kimoja kati ya hivyo alikuwa amebwagwa vibaya. Naomba nafasi niieleze historia hiyo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sisi huku hatupendi kulitaja tunapomsifu: sehemu kubwa ya mafanikio yake ya awali iliamuliwa kabla mpigakura hajafika kituoni.

Kabla ya hayo, wasomaji wengi huchanganya vyeo viwili. Seneti tunayoijua Kenya ni moja, ya taifa zima. Marekani wana Seneti ya taifa mjini Washington, na karibu kila jimbo lina Seneti yake pia. Ile ya Illinois ina viti 59 na hukutana Springfield, mji mkuu wa jimbo, mbali kabisa na Chicago. Obama alikuwa seneta wa Springfield hadi Novemba 2004, na seneta wa Washington tangu Januari 2005. Wale waliompokea kwa vifijo Kisumu na Kogelo mnamo Agosti 2006 walikuwa wakimpokea huyu wa pili. Yule wa kwanza alikuwa akishughulikia sheria za jinai, shule, afya na ustawi wa jamii za jimbo lake, na ni wachache nje ya Illinois waliomjua kwa jina.

Kiti chenyewe kilikuwa cha wilaya ya 13, upande wa kusini wa Chicago, ikiwemo mitaa ya Hyde Park ambako alikuwa akifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1995 kilishikiliwa na Alice Palmer, mwanasiasa aliyeheshimika sana eneo lile. Mbunge wa taifa wa eneo jirani, Mel Reynolds, aliposhtakiwa kwa makosa ya jinai (baadaye alitiwa hatiani akajiuzulu), Palmer aliamua kuwania nafasi hiyo, akamtambulisha Obama hadharani kama mtu anayefaa kumrithi Springfield. Obama akatangaza nia yake mwezi Septemba. Novemba 28 Palmer akashindwa katika mchujo ule, ambao mshindi wake alikuwa Jesse Jackson mdogo, na baada ya siku chache wafuasi wake wakaanza kusema kwamba mama huyo arudi kwenye kiti chake na kijana angoje zamu. Wazee wa siasa wa eneo walimwendea Obama wakamtaka ajiondoe. Alikataa.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Ili jina la mwaniaji liingie kwenye karatasi ya mchujo, sheria ilimtaka alete sahihi 757 za wapigakura halali wa wilaya hiyo. Obama aliwasilisha zaidi ya 3,000 siku ya kwanza ya kupokea fomu. Palmer, ambaye alikuwa na siku kama kumi tu za kuzikusanya, alileta zaidi ya 1,500 siku ya mwisho. Mwanzoni mwa Januari 1996 watu wa Obama walikwenda kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago wakaanza kuzikagua sahihi za wapinzani mstari kwa mstari, wakizilinganisha na daftari la wapigakura. Huyu jina lake limeandikwa kwa herufi za chapa mahali pa sahihi; yule anwani yake iko nje ya mpaka; mwingine alifutwa daftarini jiji liliposafisha orodha zake. Mwaniaji mmoja aliyekuwa ameleta sahihi zipatazo 1,900 alipunguziwa hadi akakosa 69 kufikia kiwango. Palmer alijiondoa Januari 17, na wengine watatu wakaenguliwa. Mchujo wa Machi ulipofika, karatasi ilikuwa na jina moja tu la kiti hicho upande wa Democratic, na kwa kuwa eneo lile ni ngome ya chama hicho, uchaguzi wa Novemba ambao Obama aliushinda kwa asilimia 82 ulikuwa wa kukamilisha ratiba.

Sisemi kwamba alivunja sheria. Palmer ndiye aliyegeuka, na sahihi mbovu ni sahihi mbovu. Lakini mtu huyohuyo mwaka 1992 alikuwa ameongoza kampeni ya Project Vote iliyoandikisha wapigakura wapya zaidi ya laki moja mjini Chicago, na msingi wa kampeni ile ulikuwa kwamba watu wa kawaida wapewe nafasi ya kuchagua. Miaka minne baadaye, wapigakura wa wilaya ya 13 waliletewa chaguo moja. Mwandishi wenu angelitaja hili, makala yake ingekuwa na uzito zaidi.

Mwaka 1998 alirudishwa Springfield kwa asilimia 89, bila jambo la kusimulia.

Mwaka 2000 ndio aliojaribu kwa mara ya kwanza kumkabili mpinzani mwenye nguvu mbele ya wapigakura wenyewe. Alimvaa Bobby Rush, mbunge wa taifa tangu 1993 na mmoja wa waasisi wa tawi la Illinois la Black Panther, chama cha wanaharakati wa haki za Waamerika Weusi, mtu ambaye mitaa ya kusini ilimjua tangu ujana wake. Mwezi Oktoba 1999 mwana wa Rush aliuawa kwa risasi, na huruma ya watu ikamwelekea baba. Mwishoni mwa Desemba Seneti ya jimbo iliitwa kupigia kura mswada kuhusu bunduki. Obama alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake mdogo akiwa mgonjwa, akaukosa upigaji kura, na mswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti ya Chicago hayakumhurumia. Wapinzani wake walimwita msomi wa Hyde Park asiyewafahamu watu wa mitaa ya chini. Mchujo wa Machi 2000 ulimpa Rush asilimia 61, na Obama asilimia 30.

Kushindwa huko kungeweza kummaliza. Kilichomwokoa, kwa maoni yangu, ni ramani. Baada ya sensa ya 2000 mipaka ya wilaya za Illinois ilipaswa kuchorwa upya, na vyama viwili vilipokosa kuafikiana, katiba ya jimbo ilitaka mjumbe wa ziada wa tume ya kuchora mipaka apatikane kwa bahati nasibu. Mwaka 2001 kura hiyo iliangukia upande wa Democratic, nao wakachora walivyotaka. Obama mwenyewe alishiriki kupanga mistari ya wilaya yake. Wilaya ya 13 ya zamani ilikuwa ikielekea magharibi hadi mitaa maskini ya Englewood. Mpya ilipanda kaskazini kwa kufuata ufuko wa Ziwa Michigan, ikapita katikati ya jiji na kufika Gold Coast, mtaa wa matajiri. Bado ilikuwa na Waamerika Weusi wengi, ila sasa ndani yake walikuwamo watu wenye fedha za kuchangia kampeni, na wahariri, na wanasheria wakubwa. Mwaka 2002 alipita bila kupingwa. Hotuba yake ya Oktoba 2, 2002 ya kupinga vita vya Iraki aliitoa katika uwanja wa katikati ya Chicago, mbele ya watu wa aina hiyo ambao baadaye wangekuwa nguzo ya kampeni zake.

Ramani hiyohiyo iliwapa Democratic wingi wa viti katika Seneti ya jimbo kuanzia Januari 2003, na Emil Jones akawa kiongozi wake. Kwa miaka sita Obama alikuwa upande wa wachache, ambako mswada wako unaweza kufia kwenye kamati bila hata kusomwa, ingawa mwaka 1998 alifanikiwa kupitisha sheria ya kuwabana wanasiasa wanaopokea zawadi kwa kushirikiana na wenzake wa Republican. Sasa Jones, ambaye Obama alikuwa amemwendea waziwazi kumwomba amsaidie kwenda Washington, alimkabidhi miswada mizito na uenyekiti wa kamati ya afya. Mmoja kati ya miswada hiyo nauona kuwa ndio kazi yake bora kuliko zote pale Springfield: kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imegundua kwamba watu 13 waliohukumiwa kifo hawakustahili hukumu hiyo, na Gavana George Ryan alikuwa amewapunguzia adhabu wafungwa wote wa hukumu ya kifo mnamo Januari 2003. Polisi na waendesha mashtaka walianza kwa kuupinga mswada. Obama aliketi nao, akapunguza hapa, akaongeza pale, na Seneti ikaupitisha bila kura ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka sharti hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Kule pia mjumbe anaruhusiwa kubonyeza kitufe cha tatu, cha kusema yupo tu bila kukubali wala kukataa, naye alikitumia karibu mara 130 kati ya kura zipatazo 4,000. Wapinzani wake wa 2008 walilivumisha sana jambo hili, ingawa wajumbe wengi wa baraza lile hufanya hivyo kwa mbinu za chama.

Hata uchaguzi wa 2004 una mkondo uleule. Katika mchujo wa Machi, Blair Hull, tajiri aliyekuwa mbele, aliporomoka baada ya nyaraka za talaka yake kufichuliwa, na Obama akapata takriban asilimia 53 miongoni mwa wawaniaji saba. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa mwezi Juni kwa sababu ya nyaraka za talaka, na chama chake kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, asiye hata mkazi wa Illinois. Matokeo yalikuwa 70 kwa 27. Hata mrithi wake Springfield, Kwame Raoul, ambaye leo ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, aliingia mara ya kwanza kwa kuteuliwa na maafisa wa chama.

Nayaandika haya nikiwa mtu wa Kisumu ninayejivunia Obama, na nisingependa barua hii isomwe kama shutuma. Hotuba zake zilikuwa nzuri, na mswada wa mahojiano unatosha kumpa mtu heshima. Ila vijana wetu wanaojiandaa kuwania viti vya wadi na ubunge husoma makala kama ile, wakatoka wakiamini kwamba ufasaha unatosha. Katiba yetu inamtaka mgombea huru wa udiwani wa wadi aungwe mkono na wapigakura 500, wa ubunge 1,000, na wa useneta 2,000. Nao mjadala wa mipaka ya maeneobunge haujawahi kuisha nchini humu. Yule kijana wa Chicago aliyajua hayo mawili vizuri kuliko wapinzani wake, na mara ya pekee alipomkabili mwenye kiti bila kutegemea lolote kati ya hayo, alipata asilimia 30.

Ombi langu ni kwamba mchapishe sehemu ya pili ya makala ile, ihusu Springfield peke yake: miswada aliyoipeleka, iliyopita na iliyokufa, na namna alivyopiga kura. Kumbukumbu za bunge la Illinois ziko wazi kwa umma, na mwandishi wenu anayo kalamu ya kuifanya kazi hiyo.

Msomaji wenu,
Kisumu